Zamu ya Kubeba Wafu

Watu wakisikia kwamba nilikuwa dresa hospitalini miaka ile ya thelathini, huniuliza kuhusu damu. Damu! Damu mtu huizoea kabla hajazoea kuamka mapema. Vidonda vya buba navyo huzoeleka, mradi usiviwaze ukiwa unakula. Jambo lililokaribia kunitoa kazini lilikuwa zamu, na nitalieleza kama lilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Kitui. Jina lake halina haja hapa. Ilikuwa na wodi mbili za mabati, ya wanaume na ya wanawake, jiko la wagonjwa, na nyuma kabisa, ng'ambo ya ua wa minyaa, kibanda cha kuwekea maiti. Siku hizo hatukuitwa wauguzi. Tulikuwa madresa, wanaume watupu, hata katika wodi ya akina mama, kwa sababu hakuna mzee aliyekubali binti yake aende kushikashika wagonjwa wa watu. Tulifunga vidonda, tulichemsha sindano, tulimwaga ndoo za choo, tulifagia. Mgonjwa akifa, tulimbeba.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Kwetu Ukambani mtu aliyeshika maiti ana thavu, yaani uchafu usiotoka kwa sabuni. Haingii nyumbani akala na watoto wake mpaka mzee anayeijua kazi hiyo amtakase kwa mbuzi na majani. Ndiyo maana mgonjwa alipoanza kukoroma lile koromo la mwisho, ndugu zake waliokuwa wakimpikia uji walifunga vibuyu vyao na kutoweka. Sikuwalaumu. Wao walikuwa na mahali pa kukimbilia. Sisi tulikuwa na Bwana Daktari.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mwenye haki kwa kipimo chake mwenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kila dresa abebe maiti wa vitanda vyake. Basi madresa wakawa wanatoroka. Mmoja alitumwa maji, akaiacha ndoo kisimani, na mpaka leo hajarudi nayo. Waliobaki waliwamaliza mbuzi wa baba zao kwa kutakaswa, wakawa wanakuja kazini na nyuso za watu waliolala nje, kwa sababu kweli walilala nje. Daktari akawa anapiga meza. Kila alipomfunza mtu kazi, mtu huyo aliondoka.

Siku moja mhubiri wa kanisa letu alikuja kuwaombea wagonjwa, akamkuta Daktari katika hasira hiyo. Mhubiri alikuwa mtu mwema, ila ulimi wake ulipenda kwenda mbele ya miguu. Akavua kofia, akasema, "Bwana, sisi watu wa kanisa hatuogopi maiti. Aliyeokoka hana thavu."

Akawaombea wagonjwa, akanywa chai, akaenda zake. Sasa, watu wa kanisa lake katika hospitali ile walikuwa wangapi? Mmoja, nami ndiye. Nilikuwa nimesomea misheni kwetu upande wa Mukuyuni, na kila Jumapili niliimba. Tangu siku hiyo maiti wote wakawa wangu.

Sikuulizwa. Nilipotaka kufungua kinywa, dresa mkubwa wetu alinitazama kwa macho ya shukrani hata nikaona haya. Huyu alikuwa mzee kwetu sote. Wakati wa vita vya Mjerumani alichukuliwa kuwa mpagazi, na huko Tanganyika ndiko alikojifunza kufunga bandeji. Aliona wenzake wakifa njiani kama nzige, akarudi, akatakaswa, akaapa kwamba mikono yake haitagusa tena mtu aliyekufa. Mtu wa namna hiyo akikutazama hivyo, utasema nini? Nilikwenda kuchukua machela.

Niseme ukweli: maiti sikuwaogopa. Kwa hilo mhubiri hakunisingizia. Maiti ni mzigo mzito tu, na hana maneno. Walio hai ndio walionishinda. Watu wakaacha kunipa mkono. Sokoni, mama aliyeuza viazi alikuwa anaviweka chini, anarudi nyuma, ndipo ananiambia, "Haya, chukua." Hata madresa wenzangu, wale wale niliowabebea, walianza kupika sufuria yao mbali na yangu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu ulikuwa hauna hata haja ya kunyanyuliwa. Waliutazama kwa mbali wakaona ni mwepesi.

Na kulikuwa na mke wangu. Kwao kulikuwa ng'ambo ya Mwingi, na tulikuwa tumeoana kanisani, lakini mguu wake mmoja aliuacha kwa mama yake. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa ananiwekea chakula na kuondoka, basi. Alipokuwa mjamzito akasema anakwenda kujifungulia kwa mama yake, nikamkubalia, maana ndiyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Habari ikaja kwamba amezaa msichana na wote ni wazima.

Nilipopewa ruhusa nikaenda huko. Mke wangu akatoka na mtoto mkononi, akasimama ndani ya boma, mimi nje, ua wa miiba ukiwa katikati yetu.

"Mtazame kutoka hapo," akasema.

"Mimi ni baba yake!"

"Najua wewe ni baba yake. Umekuja na mikono gani?"

Nikamwonyesha mikono, mjinga mimi, kana kwamba aliuliza kama nimenawa. Akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma zaidi. Angerudi kwangu siku nitakayoacha kubeba wafu, au siku nitakayotakaswa. Mtoto asiye na nguvu hawezi kuchukuliwa na mikono iliyotoka kwa maiti, angedhoofika. Sasa nifanye nini? Nikitakaswa kwa mbuzi, kanisa linanifukuza. Nikiacha kazi, tule nini, na mwaka ule nzige walikuwa wamemaliza hata majani ya kwetu? Nilirudi Kitui bila kumshika mwanangu. Uchungu ulinikaa kifuani, na sioni haya kuusema.

Aliyeniletea habari za mtoto baada ya hapo alikuwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Mwingi, mtu aliyetoka kaskazini-mashariki, mwenye lori la kubebea ngozi na unga. Alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, na kila lori lilipofika Kitui alikuja nimfunge. Nikimaliza ananimiminia chai katika kikombe chake, nami nakunywa. Siku moja nikamuuliza kama hajui mimi ni nani.

"Najua. Wewe ndiye unayebeba." Akacheka. "Kwetu kuosha maiti kuna thawabu. Ukimaliza unaoga vizuri, unaketi na watu wako, unakula nao. Nani atakukimbia?"

"Nani anaosha?"

"Sote tunadaiwa kazi hiyo na Mungu. Wachache wakifanya, wengine wamesamehewa. Lakini hao wachache, rafiki yangu, si mtu yule yule kila siku! Huyo tungemuua."

Maneno hayo niliyalalia, nikayaamkia. Kisha nikaenda kwa Daktari. Nilimwomba kazi ya kubeba iwe ya zamu kwa madresa wote; pawe na bafu na maji ya moto ya aliyebeba; na aliyebeba apewe siku ya kwenda kwao, yule wa mbuzi akafanye ya mbuzi, yule wa sala akafanye ya sala. Nilidhani nimesema jambo la busara. Daktari hakunyanyua macho.

"Wewe Mukristo. Wewe hapana ogopa. Wengine taona wewe, halafu tasahau mambo yao ya ushenzi. Kazi ni kazi."

Nikasema ndiyo Bwana, nikatoka. Dresa mkubwa aliniuliza amesemaje, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye bandeji zake.

Msimu wa baridi ulipofika, lile lori la ngozi lilisimama mbele ya hospitali, na mwenyewe akashuka akiniita kwa mkono. Nyuma, juu ya magunia, alikuwa amelazwa mwanamke mzee aliyeshikwa na kichomi. Pembeni yake walikaa ndugu zake wawili, na mke wangu, na mtoto akiwa mgongoni. Sikusogea. Nilijificha nyuma ya nguzo ya veranda kama mwizi wa kuku, kwa sababu yule mzee alikuwa mama mkwe wangu.

Asiye Mkamba wa siku zile huenda akacheka. Kati ya mtu na mama mkwe wake kuna nthoni, heshima iliyo kali kuliko woga. Mkikutana njiani, wewe unaingia vichakani na yeye anajifunika uso. Huli mbele yake, humwiti jina, humtazami. Kumgusa halikuwa jambo la kuzungumziwa, kwa maana nani angelifanya? Mimi nilikuwa nimemwoa binti yake na sikuujua uso wa mama huyo. Na mwezi ule wodi ya akina mama ilikuwa yangu.

Asubuhi niliingia na sinia ya dawa, macho sakafuni, nikihesabu miguu ya vitanda. Nilipofika cha kwake nikaona blanketi likipanda, shwaa, mpaka juu ya kichwa. Nikaweka dawa karibu na mto. Blanketi halikutikisika. Nikamwambia mke wangu ampe yeye. Sauti ikatoka ndani ya blanketi, ikielekezwa kwa binti, si kwangu: "Mwambie mtu huyo kwamba dawa iliyotoka mkononi mwake siwezi kuimeza."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mama mmoja mwenye mguu uliovunjika akasema kwa sauti, "Dresa, mkweo atakufa kwa joto kabla kichomi hakijamfikia!" Wakacheka, mpaka waliokuwa wakikohoa. Mke wangu alitazama ukuta. Mimi niliendelea na vitanda vingine, na jasho likinitoka kana kwamba mimi ndiye niliyejifunika.

Nilikwenda tena kwa Daktari. Safari hii sikuomba kanuni mpya, niliomba tu nibadilishane wodi na dresa mkubwa mpaka mgonjwa huyo apone.

"Hospitali hapana mama mkwe," akasema. "Iko mgonjwa tu."

Nimelifikiri neno hilo miaka mingi, na siwezi kusema halina ukweli hata kidogo. Lakini mgonjwa mwenyewe hakulijua, naye alikuwa amelala chini ya blanketi bila dawa.

Aliyetuokoa kwa siku chache alikuwa dresa mkubwa. Bila kuomba mtu ruhusa aliingia wodi ya akina mama na kumpa mama mkwe wangu dawa, nami nikashika wanaume wake. Daktari alimkuta huko, akamkaripia, akamrudisha wodini kwake. "Ndiyo, Bwana," akasema dresa mkubwa. Daktari alipopinda tu kona, akarudi. Akakaripiwa tena, akasema tena ndiyo Bwana, akarudi tena. Sijapata kuona mtu mtiifu aliyekuwa mkaidi namna ile.

Hata hivyo mama mkwe alizidiwa. Ndugu zake wawili waliisikia pumzi yake ilivyobadilika, wakasema wanakwenda kutafuta lori la kurudia. Tuliwaona wakishika njia ya Mwingi kwa miguu. Alibaki mke wangu peke yake na mtoto.

Hapo nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Maiti walikuwa wangu kwa amri. Nikimbeba mama mkwe, mke wangu hatarudi kwangu milele, na yule mtoto nitamwona ng'ambo ya ua mpaka aolewe. Nikikataa kumbeba, nitafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Nilimwomba Mungu ampe mama mkwe uhai, na sitadanganya kwamba nilimwombea kwa ajili yake.

Alifariki jua likiwa limepanda kidogo. Mimi nilikuwa wodi ya wanaume nikiosha kidonda. Dresa mkubwa aliingia, midomo imemkauka.

"Amekwenda," akasema.

Nikaweka pamba chini, nikanawa, nikaitoa machela ukutani. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi kwa mazoea tu. Mimi mwenyewe sijui nilikuwa wapi. Mzee akaishika machela upande wa pili. Nikadhani ananisaidia. Kumbe alikuwa anaivuta.

"Lete hapa. Wewe nenda nyuma ya jiko, na usitazame."

"Utabeba wewe? Wewe uliyeapa?"

"Nisikilize, kijana. Kubeba maiti ni thavu, na thavu ina dawa. Lakini mtu kumbeba mama mkwe wake! Dawa ya hiyo haijapatikana. Toka hapa."

Akatoka uani akawaita wengine. Niliwasikia wakibishana. Mmoja akasema mke wake anakaribia kujifungua, mzee akamwambia, "Basi wewe fungua milango, lakini njoo." Mwingine akasema yeye hajaokoka. "Mimi je, nimeokoka?" mzee akamjibu. "Ni nani kati yenu ambaye hana mama mkwe?" Hapo ubishi ukaisha. Nikakaa nyuma ya jiko, nikageuza uso, nikasikia miguu yao ikipita kuelekea kwenye minyaa, polepole, wote kwa hatua moja. Nililia. Moshi wa jiko haukuhusika.

Daktari aliwaona akiwa verandani. Madresa ambao kwa miezi hawakukaribia hata godoro la aliyekufa, wote wako chini ya machela moja! Waliporudi akauliza kuna nini. Dresa mkubwa akasimama mbele yake, mikono ameiweka mbali na mwili wake.

"Bwana, leo tumebeba. Kesho tutabeba pia, kwa zamu, sisi wote. Lakini tunataka maji ya moto, na siku ya kwenda kwetu kujisafisha kabla hatujaingia kwa watoto. Na mtu asipewe mkwe wake kumuuguza. Usipotaka, Bwana, sisi hatutoroki. Tutaondoka mchana, tukiwa tumekuaga."

Daktari alivuta kiko kilichokuwa kimezimika. Kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema. Halafu akasema vyema.

Nayo ikawa hivyo, lazima nimpe haki yake. Pipa likawekwa motoni nyuma ya jiko, bafu la nyasi likajengwa kando yake, na aliyebeba alikwenda kwao kesho yake bila kuulizwa anakwenda kufanya nini. Hakuna dresa aliyetoroka tena nilipokuwa pale. Tulirudi kupika sufuria moja, ingawa ilichukua muda kabla hatujacheka pamoja.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilikuwa bado nimekaa pale nyuma ya jiko, nikasikia mtu anakuja. Ni mke wangu. Macho yake yalikuwa makavu, mtoto mgongoni amelala.

"Amenifia mikononi," akasema. "Wajomba wamekimbia. Nimemfumba macho mimi mwenyewe."

Nikamwambia pole.

"Halafu mtoto akalia. Nikamnyonyesha pale pale, kwa mikono hii hii. Sikuwa na mtu wa kumpa." Akasema tena, "Sikuwa na mtu wa kumpa."

Nilikuwa nimezoea kutosogea karibu, basi nikabaki nilipokuwa. Akafungua fundo la shuka kifuani, akamzungusha mtoto mbele, akaninyooshea.

"Haya, baba wa huyu. Mshike, mimi nikamlilie mama yangu."

Nilikuwa nimebeba watu wazima wengi katika hospitali ile, lakini mtoto sikujua hushikwa vipi. Nilimshika vibaya, akaamka, akaanza kulia, na mama yake hakugeuka kumchukua.